Nyama ya kichwa iliyogandishwa kwa supu yake: inashikaje bila jelatini ya unga?

Mpishi Mdadisi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Ninakusudia kutengeneza nyumbani nyama ya kichwa cha nguruwe iliyogandishwa kwa supu yake, kwa njia ya zamani: kichwa kizima kinachemshwa mpaka nyama iachane na mifupa, nyama inachambuliwa na kukatwakatwa, kisha inamiminiwa supu iliyopunguzwa na kuachwa mahali pa baridi mpaka iweze kukatwa vipande kwa kisu. Sitaki kutumia jelatini ya unga, kwa sababu naamini kichwa chenyewe kina kila kinachohitajika, na ningependa kuielewa kazi hii kuliko kutegemea pakiti.

Shida ni kwamba maelekezo niliyoyakusanya yanapingana. Wako wanaosema saa mbili za kuchemsha zinatosha, na wako wanaotaka sufuria ikae jikoni kutwa nzima. Wengine hutia siki tangu mwanzo, na wengine wanaonya kwamba siki itaizuia supu isigande. Wengine hulaza kichwa katika maji ya chumvi kwa siku kadhaa, na wengine hawataji jambo hilo kabisa. Naomba mnieleze ni kitu gani hasa kinachoifanya supu ishike, ni sehemu zipi za kichwa zitolewe kabla ya kupika, na nyama iliyokwisha kuganda ihifadhiwe vipi. Aidha, wapo walaji nyumbani wasiokula nguruwe, hivyo ningefurahi kujua kama kichwa cha kondoo au cha ng'ombe kinaweza kufanya kazi ileile.

Mzee wa Buchani

Ndugu Mpishi, wenzangu watakueleza habari za supu. Mimi nianze na kichwa kabla hakijaingia sufuriani, kwa maana kichwa kisichoandaliwa vizuri huharibu ladha, na hakuna kiungo cha kuiponya.

Mwambie muuza nyama akupasulie kichwa katikati kwa msumeno, akitoe ubongo na macho. Ubongo una mapishi yake, lakini ukiachwa humu huyeyuka na kuifanya supu iwe ya kijivu na nzito kama uji. Kichwa cha nguruwe mkubwa kinaweza kuwa na uzito wa kilo 5 hadi 7, na sufuria nyingi za nyumbani hazikipokei kizima, kwa hiyo upasuaji huo unakusaidia mara mbili. Ukipata kichwa kinachoanzia nyuma ya taya na kuwa na sehemu ya shingo, usikatae, kwa kuwa nyama nyekundu nyingi iko huko.

Ukifika nyumbani, kazi ya kwanza ni manyoya. Nyuzi fupi hubaki ndani ya masikio, kwenye mikunjo ya pua na kuzunguka kope. Zichome kwa moto wa wazi, kisha zikwangue kwa kisu chenye makali mpaka ngozi iwe laini chini ya kidole. Masikio yafungue na kuyasugua kwa chumvi mpaka ndani kabisa, kwa sababu nta iliyomo huleta uchungu. Meno na fizi vipigwe brashi ngumu.

Halafu kuna tezi, jambo ambalo maelekezo mengi huliruka. Chini ya taya na nyuma ya shavu, karibu na sikio, utaona vinundu laini vyenye rangi ya kijivu au nyekundu iliyoiva, tofauti na mafuta yanayovizunguka. Hizo ni tezi za mate na tezi za limfu. Zikate zote uzitupe, maana hazilainiki vizuri na ladha yake si njema. Ukikuta tayari zimechanjwa kwa kisu chini ya taya, usishtuke. Mara nyingi ni kazi ya mkaguzi wa nyama aliyekuwa akitafuta dalili za ugonjwa, na kichwa kilichokaguliwa ndicho unachopaswa kununua.

Baada ya hapo, loweka vipande katika maji baridi ndani ya jokofu usiku mmoja, ukibadilisha maji mara moja au mbili, ili damu itoke. Ukitaka nyama iliyokolea chumvi mpaka ndani, tia gramu 60 hadi 80 za chumvi kwa kila lita ya maji ya mwisho, na uache siku moja au mbili, daima ndani ya jokofu. Hiyo ndiyo faida ya maji ya chumvi. Hayahusiani na kuganda kwa supu. Rangi ya waridi unayoiona katika nyama za namna hii zinazouzwa hutokana na chumvi maalumu yenye sodiamu naitraiti. Ile yenye naitraiti asilimia 6.25 hupimwa gramu 2.5 kwa kila kilo, ukihesabu uzito wa nyama pamoja na maji, na haifai kukadiriwa kwa macho kwa sababu ikizidi ni sumu. Ukitumia chumvi ya kawaida nyama yako itakuwa na rangi ya kijivu yenye kahawia kidogo, na mimi naona hiyo ndiyo rangi halali ya nyama iliyochemshwa.

Jiko la Polepole

Namshukuru Mzee kwa maelezo ya tezi. Naomba nijibu swali kuu, kwa kuwa ukilielewa hilo tofauti zote za maelekezo uliyoyasoma zitajipanga zenyewe.

Kinachoishika nyama hii ni kolajeni, protini inayojenga ngozi, kano, gegedu na tando zinazofunga misuli. Katika hali yake ya asili kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotana kwa nguvu, ndiyo maana ngozi mbichi haitafuniki. Ikipata joto na maji kwa muda mrefu, msokoto huo hulegea, nyuzi zinaachana na kuingia katika maji, na hapo tunaiita jelatini. Supu ikipoa, nyuzi hizo hujaribu kurudiana, zinakamatana hapa na pale, na kuyafunga maji katikati yake. Kwa hiyo nguvu ya jeli yako inategemea mambo mawili tu: umeitoa kolajeni kiasi gani, na umeitawanya katika maji mengi kiasi gani.

Kichwa cha nguruwe kinafaa sana kwa sababu huuzwa na ngozi yake, na ngozi ndiyo ghala la kolajeni. Pua na masikio ni karibu ngozi na gegedu tupu. Hata hivyo napendekeza uongeze miguu miwili ya nguruwe, iliyopasuliwa. Kichwa chenye nyama nyingi na ngozi nyembamba kinaweza kutoa supu inayotetemeka tu, ilhali kikisaidiwa na miguu miwili mashaka hayo yanaondoka.

Sasa moto. Anza na maji baridi yanayofunika nyama kwa kina cha vidole viwili na si zaidi, kwa kuwa kila lita unayoizidisha leo utalazimika kuikausha baadaye. Pandisha joto polepole na uengue povu mpaka likome. Likikoma ndipo utie kitunguu, karoti, pilipili manga nzima, karafuu chache na majani ya kunukia. Kisha punguza moto mpaka uone viputo vichache tu vikipanda kwa zamu. Ukiwa na kipimajoto, lenga nyuzijoto 85 hadi 95. Ikichemka kwa nguvu, mafuta hupigwapigwa yakawa chembe ndogo zinazoelea ndani ya supu, na supu inakuwa nyeupe yenye ladha ya mafuta. Isitoshe, jelatini inayochemshwa kwa nguvu na kwa muda mrefu mno hukatikakatika, na nyuzi fupi hazishikani vizuri. Ndiyo sababu siwaungi mkono wanaoiacha sufuria ikitokota kutwa nzima.

Kuhusu muda, kichwa kimoja kina nyama za aina nyingi, na kosa la maelekezo mengi ni kutaja muda uleule kwa zote. Ulimi huwa tayari mapema, baada ya saa mbili hadi tatu, ukichomwa kwa kijiti na kijiti kikapita bila upinzani. Utoe na uuvue ngozi ungali moto, kwa sababu ukipoa ngozi yake hung'ang'ania. Mashavu na nyama ya shingo hufuata. Kichwa chenyewe kinakuwa tayari pale taya la chini linapovutwa kwa mkono na kutoka bila kuburuta nyama, jambo ambalo kwa kawaida huchukua saa tatu hadi nne. Hapo toa nyama na ngozi yote laini, lakini rudisha mifupa, gegedu ngumu na miguu sufuriani kwa saa moja au mbili zaidi. Kwa njia hiyo nyama haigeuki kuwa nyuzi kavu na supu inaendelea kutajirika.

Baadaye chuja supu kwa chujio lenye kitambaa safi, engua mafuta ya juu, kisha ipunguze kwa kuiacha wazi juu ya moto. Katika hatua hii ya kupunguza tu ndipo moto wa wastani unaruhusiwa, kwa kuwa mafuta yamekwisha kuondolewa. Usikisie kama imefika: mimina kijiko kimoja katika kisahani kilichokaa ndani ya friza, kirudishe ndani ya jokofu dakika kumi, kisha kiinamishe. Supu ikitiririka, endelea kupunguza. Ikitembea kwa uvivu na kukunja uso wake, bado kidogo. Ikisimama na kukataa kusogea ukiigusa kwa kidole, imetosha.

Chumvi iongezwe baada ya kupunguza na kamwe si kabla, la sivyo maji yataondoka na chumvi ibaki. Supu ikiwa moto, ionje mpaka uhisi imezidi chumvi kidogo, kwa maana ulimi hupokea ladha kwa uzito mdogo chakula kikiwa baridi, na nyama iliyoonekana sawa jikoni huwa butu mezani siku ya pili. Hali kadhalika pilipili manga ya kusaga na kungumanga.

Mkono wa Siki

Naafiki karibu yote aliyoyasema Jiko la Polepole, ila swali la siki halikujibiwa, na mimi ni mtetezi wake. Nyama hii ina mafuta na utelezi mwingi. Bila uchachu mlaji huchoka baada ya vipande viwili.

Hofu ya kwamba siki inazuia kuganda imekuzwa. Asidi nyingi hudhoofisha jeli, hilo ni kweli, na ndiyo maana si busara kuchemsha kichwa katika maji yenye siki nyingi. Kijiko kimoja hadi viwili vya siki kwa lita moja ya supu, vikitiwa baada ya kupunguza, havitaonekana katika ugumu wa jeli. Pima kwa kisahani baada ya kuitia badala ya kabla, basi utakuwa na uhakika.

Adui wa kweli wa jeli ni matunda na mizizi yenye vimeng'enya vinavyokata protini, yaani papai bichi, nanasi bichi, tini mbichi na tangawizi mbichi. Vimeng'enya hivyo huikata jelatini vipandevipande, na supu inaweza kubaki maji hata ukiiweka jokofuni wiki nzima. Joto la kuchemka huviharibu, kwa hiyo tangawizi iliyopikwa pamoja na supu tangu mwanzo haina madhara. Hatari iko kwa anayekuna tangawizi mbichi juu ya nyama dakika ya mwisho ili kuleta harufu.

Mlinzi wa Jokofu

Naomba niseme kwa msisitizo, kwa kuwa kazi yangu ni usalama wa chakula na chakula hiki nakipenda. Kuna sehemu mbili katika mapishi haya ambapo uzembe mdogo unaweza kumlaza mtu hospitalini, na zote zinakuja baada ya moto kuzimwa, wakati mpishi anadhani kazi imekwisha.

Ya kwanza ni mikono. Nyama imeiva na ni safi, lakini sasa unaichambua kwa vidole, unaikata juu ya ubao, unaiacha mezani ukisubiri supu ipungue. Kila kilichokuwa juu ya ubao na vidole kimehamia kwenye nyama, na jeli yenye unyevu na protini ni malisho bora ya bakteria. Kwa hiyo usiipange nyama iliyochambuliwa katika chombo na kuimiminia tu supu. Irudishe yote ndani ya supu iliyopunguzwa, pamoja na majani mabichi yoyote unayotaka kutia, uichemshe tena dakika chache, kisha uimimine ikiwa moto katika chombo kilichooshwa kwa maji yanayochemka.

Ya pili ni kupoa. Baadhi ya bakteria hutengeneza mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na chakula kinapokaa muda mrefu katika uvuguvugu mbegu hizo huamka. Kanuni inayotumiwa sana katika majiko ya biashara ni kwamba chakula kishuke kutoka nyuzijoto 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike 5 au chini yake ndani ya saa nne zinazofuata. Sufuria kubwa ya supu nzito iliyoachwa juu ya meza usiku kucha haifikii hata nusu ya sharti hilo. Tumia vyombo vya kina kifupi, visizidi kina cha sentimita saba au nane, uviweke ndani ya beseni la maji yenye barafu kwanza, na mvuke ukipungua uvihamishie jokofuni.

Iliyoganda ikae chini ya nyuzijoto 4 na iliwe ndani ya siku tatu au nne. Listeria ni bakteria anayeendelea kuongezeka hata katika baridi ya jokofu, japo polepole, na nyama za kugandishwa kwa jeli zimewahi kuhusishwa naye: mlipuko mkubwa wa Ufaransa wa mwaka 1992 ulihusishwa na ulimi wa nguruwe uliowekwa katika jeli. Kwa sababu hiyo mama mjamzito, mzee sana na mtu mwenye kinga dhaifu wasipewe chakula hiki kikiwa baridi, hata kama kimetengenezwa kwa uangalifu. Wapewe supu yenyewe ikiwa moto pamoja na nyama yake, nayo ni tamu vilevile.

Mpishi Mdadisi

Nawashukuru kwa dhati. Sikutegemea kwamba kuchemsha tena nyama iliyochambuliwa kungekuwa na uzito huo, na sikuona mahali popote palipoandikwa.

Nina maswali matatu ya mwisho. Je, inafaa kubana nyama kwa uzito wakati inaganda, au jeli ibaki nyingi na ya wazi? Je, inaweza kuhifadhiwa katika friza? Na lile la kondoo na ng'ombe bado linanitatiza.

Jiko la Polepole

Kubana ni suala la mapenzi, nami nakiri kwamba napendelea iliyobanwa. Nyama ikishikamana sana, kila kipande kinakuwa na shavu, ulimi na sikio kwa pamoja, na gegedu la sikio, ambalo halilainiki kabisa, hutoa ukinzani mdogo wa kupendeza kati ya meno. Weka nyama nyingi na supu ya kuijaza mapengo tu, funika kwa karatasi safi, na baada ya kupoa nusu weka juu yake ubao na uzito wa kilo moja au mbili. Anayependa jeli ya wazi aache uzito, atumie supu zaidi, na avumilie kupunguza kwa muda mrefu, kwa sababu hapo jeli peke yake ndiyo inayobeba kila kitu.

Kwa vyovyote vile, usiikate mapema. Jeli huonekana imeshika baada ya saa chache, lakini nyuzi zake huendelea kukamatana kwa muda mrefu zaidi. Hata katika kipimo cha viwandani cha nguvu ya jelatini, sampuli hulazwa katika nyuzijoto 10 kwa saa 16 hadi 18 kabla ya kupimwa. Iache usiku mzima na sehemu ya asubuhi, uikate kwa kisu kirefu chembamba, na uitoe jokofuni muda mfupi tu kabla ya kula. Jeli ya namna hii huanza kuyeyuka joto likikaribia nyuzijoto 30, ndiyo maana inaisha yenyewe kinywani, na ndiyo maana pia haivumilii meza iliyopigwa na jua.

Friza siipendekezi. Barafu hutoboa ule wavu wa jelatini, na ikiyeyuka kipande hutokwa na maji na kuwa kama sifongo. Ukilazimika, igandishe, lakini siku ya kula uiyeyushe yote, uichemshe na uigandishe upya jokofuni.

Mzee wa Buchani

Kuhusu kondoo na ng'ombe nijibu mimi.

Kichwa cha kondoo mara nyingi huuzwa kimechunwa, na pamoja na ngozi imeondoka sehemu kubwa ya kile kinachogandisha. Nyama yake ni tamu, ila supu yake peke yake ni dhaifu. Tafuta kichwa kilichochomwa manyoya na kubaki na ngozi, au uongeze miguu ya kondoo minne hadi sita iliyosafishwa namna hiyohiyo. Mafuta ya kondoo huganda yakawa magumu na kunata kwenye kaakaa, hivyo supu ipooze kwanza, uondoe tabaka lote la mafuta, ndipo uipashe tena na kuipunguza.

Kichwa kizima cha ng'ombe mzima kwa jiko la nyumbani ni mzigo usio na sababu. Tena, tangu ulipozuka ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, ubongo na macho ya ng'ombe wakubwa vimewekewa mipaka katika nchi nyingi. Katika Umoja wa Ulaya fuvu la ng'ombe aliyezidi miezi 12, pamoja na ubongo na macho, haliruhusiwi kuwa chakula. Mashavu, ulimi na pua vinatosha. Nunua hivyo vitatu, ongeza kongoro moja lililokatwa vipande vitatu au vinne, na uchemshe kongoro hilo peke yake saa mbili kabla ya kutia nyama nyingine, kwa kuwa ngozi na kano za ng'ombe huchelewa kuachia. Jeli ya kongoro ni ngumu kuliko ya nguruwe, kwa hiyo usiipunguze supu kwa mazoea. Anza kupima kwa kisahani mapema, maana ikizidi inakuwa kama mpira na huwezi kuilainisha ila kwa kuongeza maji na kuichemsha upya.